Nyumba za Ubena na Mwaka 1863

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ndiyo inayoamua ni jengo gani Tanzania Bara iliite la kale. Ndani yake umo mwaka mmoja wenye uzito kuliko yote, nao ni 1863. Jengo lililosimamishwa na mikono ya watu kabla ya hapo linalindwa moja kwa moja. Lililojengwa baadaye linasubiri tamko la waziri. Sheria hiyo hiyo inaulinda pia mlango wa mbao na fremu yake, mradi uwe umechongwa nchini kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940. Ukiisoma unaiona pwani: magofu ya Kilwa, misikiti ya matumbawe na chokaa, milango ya Bagamoyo yenye nakshi. Ukipanda nayo hadi Njombe na Makambako, huku nyanda za juu kusini, unabaki mikono mitupu. Hakuna nyumba ya mianzi na udongo inayofika umri huo.

Si kwamba watu hawakujenga. Walijenga sana. Nyumba ya Mbena, mwenyeji wa nchi hii ya Ubena, katika karne ya 19 ilijengwa, ikakandikwa upya kila mwaka, ikahamwa, ikajengwa tena ng'ambo ya bonde, na kilichodumu ni ujuzi wa kuijenga. Historia yake haikuandikwa juu ya jiwe. Iko katika mianzi, katika moshi wa jikoni, katika kodi, vita na reli. Naamini ni historia yenye hadhi sawa na ya Mji Mkongwe wa Unguja, na inapotea kwa kasi kubwa zaidi.

Barabara ya kutoka Makambako kwenda Njombe ni ya kilomita 60 hivi, nayo inapanda. Makambako iko kwenye uwanda ulio wazi, wenye upepo na mvua ya wastani. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo Juni na Julai asubuhi huamka na ukungu mzito, na kuna siku sakitu huunguza majani ya viazi. Tofauti hiyo ya hali ya hewa ndiyo iliyokuwa msanifu wa kwanza wa Ubena, kwani ilizaa nyumba za namna mbili.

Kule chini, kwenye uwanda unaoelekea Usangu na Uhehe, palikuwa pa tembe. Mafundi walisimika nguzo zenye panda kwa mstari, wakalaza boriti juu ya panda, wakatandika fito, kisha nyasi, na mwisho udongo ulioshindiliwa hadi ukawa paa bapa. Nyumba ilikuwa ndefu na nyembamba, ikikunja kona kuzunguka uwanja wa ndani, na milango yote ikitazama uwanjani. Upande wa nje ni ukuta mtupu. Usiku ng'ombe waliingizwa ndani ya duara hilo la vyumba, lango likafungwa. Tembe ni nyumba ya watu wenye mifugo na wenye maadui, na Wabena wa kaskazini walikuwa na vyote viwili: Wahehe upande mmoja, Wasangu upande wa pili, na kutoka kusini Wangoni waliokuwa wakipanda kuteka watu na ng'ombe. Paa la udongo lilikuwa na faida ambayo mtu wa amani haifikirii, kwamba halishiki moto. Mshale wenye moto uliotosha kuteketeza kijiji kizima cha nyasi hauna la kufanya juu ya tembe.

Lakini tembe ina adui wake, naye ni mvua ndefu. Udongo wa paa ukilowa siku baada ya siku hunywa maji, huwa mzito, huvuja, na mwishowe boriti hukatika. Ndiyo maana ukipanda kuelekea Njombe, na zaidi ukivuka kwenda Lupembe ambako mawingu ya bonde la Kilombero hugonga milima, paa linasimama wima na nyasi zinachukua nafasi ya udongo. Huko ndiko kwenye ufalme wa mianzi.

Napenda kukaa kidogo kwenye mianzi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwa Njombe kile ambacho boriti ya mikoko ilikuwa kwa pwani. Lamu na Unguja, chumba cha nyumba ya mawe ni chembamba na kirefu, mara nyingi hakizidi mita tatu kwa upana, kwa sababu boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji au visiwa vya Lamu hazibebi dari la mawe na chokaa kwa upana zaidi ya huo. Mti ulimwamuru tajiri ukubwa wa sebule yake. Vivyo hivyo katika visiwa vya Canary, mali ya Hispania magharibi mwa Morocco: mji wa La Orotava kisiwani Tenerife unasifika kwa nyumba zenye roshani za mbao, na ile mashuhuri kuliko zote ilijengwa 1632. Roshani hizo zimedumu kwa kuwa zimechongwa kwenye kiini cha msindano wa huko, kilichojaa utomvu kiasi kwamba wadudu na unyevu hushindwa nacho. Kila mahali mwenye nyumba hujenga kile ambacho msitu wake unamruhusu.

Msitu wa Njombe uliruhusu mianzi. Mwanzi ni mwepesi na mnyumbulifu, hukatwa kwa panga, hupasuliwa kwa mkono, husukwa. Kuta zilifumwa kwa mianzi iliyopasuliwa juu ya nguzo, zikakandikwa udongo ndani na nje. Kenchi ya paa ilikuwa ya mianzi mizima iliyofungwa kwa kamba za magome. Juu yake nyasi zilipangwa tabaka kwa tabaka kuanzia chini kwenda kileleni. Fundi alijua mambo ambayo maabara imekuja kuyathibitisha. Mwanzi hukatwa kiangazi, na hukatwa ukiwa umekomaa, kwa kuwa mwanzi mchanga na mwanzi wa masika una sukari na wanga mwingi ndani yake, na hiyo ndiyo karamu ya wadudu wanaotoboa. Wakati huo huo kichipukizi kichanga cha masika ndicho kinachotoa ulanzi, pombe ya mianzi. Kikikatwa ncha na kugemwa, hakikui tena kuwa nguzo. Kila kichaka cha mianzi kwa hiyo kilikuwa ni hesabu ya nyumbani: machipukizi mangapi yanywewe mwaka huu, na mangapi yaachwe yawe paa baada ya miaka michache. Sijui nyumba nyingine ambayo kilevi na kenchi vinatoka kwenye shina moja kwa namna hii.

Katikati ya nyumba paliwaka moto. Haukuwa wa kupikia tu. Njombe bila moto usiku ni mateso, na wazee na watoto walilala wakiuzunguka. Juu yake palikuwa na kichanja, na juu ya kichanja mahindi ya mbegu na ulezi. Moshi ulipanda polepole, ukapenya nyasi, ukatoka bila dohani. Wageni wa Kizungu waliona uchafu katika masizi yale meusi yaliyong'aa kwenye mianzi ya paa. Ukweli ni kwamba moshi ulikuwa dawa. Ulikausha mianzi, ulifukuza mchwa, ulizuia kuvu kwenye nyasi na ulilinda mbegu zisitobolewe. Paa la nyumba iliyowashwa moto kila siku lilidumu miaka mingi. Paa la nyumba iliyohamwa lilioza baada ya masika machache. Hivyo nyumba na watu wake walitunzana, na nyumba iliyoachwa haikuhitaji kubomolewa.

Wa kwanza kuja na wazo la nyumba inayodumu bila wenyewe walikuwa Wamisionari wa Berlin. Mwaka 1891 msafara wao ulioongozwa na Alexander Merensky ulifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa na kuanza kujenga kwa Wanyakyusa. Kutoka huko wakapanda milima ya Livingstone hadi Ukinga, na miaka ya mwisho ya karne hiyo wakateremka upande wa Ubena: Kidugala, Lupembe, Yakobi, Ilembula. Ukiitazama ramani utaona kwamba hawakuja Njombe kutoka pwani. Walikuja kutoka ziwani, kwa mgongo wa milima, na walibeba ujuzi wa kufyatua na kuchoma tofali.

Udongo mwekundu wa Njombe ni wa tofali hasa. Wamisionari waliwafundisha vijana kupanga tanuri, kuacha midomo ya moto chini, kuziba nje kwa udongo, na kulisha kuni hadi tofali za juu zibadilike rangi. Kanisa na nyumba za misheni zilijengwa kwa kuta nene, varanda pana na paa la mwinuko mkali. Paa hilo watu walilitambua mara moja. Lilikuwa la mwinuko ule ule wa nyumba zao, kwa sababu mvua ilikuwa ile ile. Kilichokuwa kigeni ni ukuta wa tofali, madirisha yenye vioo, na moto uliotengewa jiko lake nje.

Septemba 1905 vita vya Majimaji vilifika Ubena. Wapiganaji wa mtawala Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe ya leo, ambako mmisionari Paul Gröschel na watu wake walijihami ndani ya majengo ya misheni. Shambulio lilirudishwa. Naona jambo moja katika shambulio lile ambalo historia ya vita huwa hailisemi: ukuta ulijibu. Nyumba ya nyasi na mianzi ingewaka ndani ya dakika chache. Nyumba ya tofali ikageuka ngome, na kila aliyeokoka, wa pande zote mbili, aliondoka akijua tofali ni nini.

Kisha likaja jibu la Wajerumani, na hilo lilikuwa jibu dhidi ya nyumba. Kusini yote ya koloni, jeshi lilichoma vijiji na maghala na kuharibu mashamba, hadi njaa ikakamilisha kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Makadirio ya waliokufa katika vita vile na njaa yake yanaanzia 75,000 hadi 300,000. Kila kijiji kilichoteketea kilikwenda na kenchi zake za masizi, vichanja vyake na mbegu zilizokuwa juu yake. Nyumba iliyohifadhi mbegu juu ya moto ilikuwa pia benki ya msimu ujao. Anayeuliza kwa nini Ubena haina nyumba ya kabla ya 1863 aanze hapa: zilichomwa, na waliochoma walijua wanachofanya.

Hata kabla ya vita, dola lilikuwa limeshaingia nyumbani kwa mlango mwingine. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa 1898, rupia tatu kwa mwaka kwa kila nyumba ya kijijini, pale ambapo serikali ilikuwa na nguvu ya kuikusanya. Kodi ya kichwa inahesabu watu; kodi ya kibanda inahesabu mapaa. Mwanamume mwenye wake watatu, kila mmoja na nyumba yake na moto wake kama desturi ilivyotaka, alidaiwa mara tatu. Waingereza walipochukua nchi waliendelea na utaratibu huo kwa sheria yao ya kodi ya kibanda na kichwa ya 1922. Matokeo yake yalionekana kwa macho: watu walibanana chini ya paa moja, wakwe na wakamwana, na vibanda vidogo vya vijana na vya wajane vikapungua. Nyumba zilichorwa upya na mtoza kodi, na kodi hiyo hiyo ndiyo iliyowatoa wanaume nje ya Ubena.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipita juu ya nchi hii kwa miezi michache mizito ya 1916. Jeshi la Jenerali Edward Northey lilipanda kutoka Nyasaland na kuishika Njombe, na Novemba mwaka huo kikosi cha Wajerumani kilisalimu amri Ilembula. Misheni za tofali, kwa kuwa ndizo pekee zilizokuwa na kuta za kutegemewa, zikawa kambi na hospitali za yeyote aliyezishika.

Kidugala ndiyo yenye kisa cha kushangaza zaidi. Vita vya Pili vilipozuka Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuzuiliwa, na kituo kikabaki na majengo yake. Wakati huo huo maelfu ya raia wa Poland, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wamehamishiwa kwa nguvu ndani ya Urusi ya Stalin, walikuwa wameruhusiwa kutoka mwaka 1942 wakapitia Uajemi, na Waingereza wakatafuta mahali pa kuwaweka. Makambi yalifunguliwa Afrika Mashariki, kubwa zaidi nchini likiwa Tengeru, karibu na Arusha. Moja lilikuwa Kidugala. Watu waliotoka kwenye theluji ya Siberia wakajikuta wanaishi katika baridi ya Ubena, ndani ya majengo yaliyoanzishwa na Wajerumani, katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza, majirani zao wakiwa Wabena waliowasalimu kamwene. Waliishi huko hadi baada ya vita. Makaburi yao bado yapo. Leo Kidugala ni kituo cha shule cha Kanisa la Kilutheri, na wanafunzi hupita kila siku kwenye kuta ambazo zimeona watu wa namna nyingi kuliko mji wowote wa mkoa huu.

Nirudi kwa wanaume waliotolewa na kodi. Ubena ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotoa manamba wengi waliokwenda kukata mkonge Tanga. Walikwenda kwa mkataba, wakakaa kambini, na waliporudi walikuwa wameona nyumba nyingine. Pwani walikuwa wameiona nyumba ya Kiswahili: baraza mbele kwa wageni, mlango wa katikati, ukumbi unaopita moja kwa moja hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha ua wenye jiko, choo na kisima. Nyumba hiyo ilikuwa imeshasafiri na misafara ya karne ya 19 hadi Tabora na Ujiji, kwa sababu inafaa biashara na inafaa wapangaji. Chumba kimoja kinakaa familia, kingine fundi cherehani, kingine mpita njia.

Ilipofika kwenye miji midogo ya barabara kuu, Makambako ikiwamo, ilifika bila makuti na bila boriti za mikoko. Ukuta ulikuwa wa tofali mbichi au za kuchoma, paa la nyasi na baadaye la bati, na baraza ikajengewa ukuta mfupi wa kukinga upepo. Lakini mpango wake ulibaki wa pwani. Ukiingia nyumba ya kupanga ya zamani mjini Makambako, ukasimama ukumbini ukaona uani kwa mbele na barabara kwa nyuma, umesimama ndani ya nyumba ambayo asili yake ni Mwambao, kilomita 600 na zaidi kwa barabara kutoka baharini. Kama kuna kitu kinachounganisha nyumba za bahari na nyumba za milima katika nchi hii ni huu ukumbi wa katikati. Nashangaa kwamba hakuna anayeuhesabu kama urithi.

Mwaka 1949 ilikuja kampuni ya miwati, Tanganyika Wattle, iliyoundwa na shirika la maendeleo la makoloni la Uingereza. Ilipanda miwati kwenye vilima vya Njombe kwa ajili ya magome yake, ambayo hutoa dawa ya kutengenezea ngozi. Gome likishamenywa hubaki mti, ulionyooka na mgumu. Wakulima nao wakapanda. Nguzo za miwati zikaingia kwenye kuta ambako mianzi ilikuwa imetawala, na kuni za miwati zikalisha matanuri ya tofali. Nyumba ya Mbena ikawa inajengwa kwa mti wa kigeni, na pamoja na miwati ikaja milingoti na misindano.

Uhuru ulipokuja, nyumba iliendelea kuwa jambo la serikali. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri na kwamba kazi iishe kabla ya mwisho wa 1976. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika, kila ukoo kwenye mgongo wake wa kilima karibu na shamba na maji, zilisogezwa kwenye mistari kando ya barabara. Kwa upande wa shule, zahanati na maji ya bomba, mpango huo ulileta mema mengi, na sipendi kuyadharau. Kwa upande wa nyumba, ulikuwa ni mwisho wa makazi ya kale. Nyumba ya Kibena haikuwa chumba kimoja, ilikuwa mkusanyiko: ya mke mkubwa, ya mke mdogo, ya vijana, ghala, zizi, na makaburi ya wazee jirani yake. Kipande cha kiwanja kilichopimwa kwa hatua kandokando ya barabara hakikuweza kuubeba mkusanyiko huo. Watu walijenga nyumba moja, ya mstatili, mlango ukitazama barabara. Mashina ya mianzi yaliachwa peke yake kwenye vilima, na hadi leo mtu anayeijua nchi hukuonyesha kichaka cha mianzi kilichosimama mahali pasipo na nyumba akakwambia ukoo gani ulikaa hapo.

Miaka hiyo hiyo Makambako ilikuwa inajengwa na watu wengine kabisa. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa mkopo wa China kuanzia 1970 na ikakabidhiwa Julai 1976. Kipande kigumu kuliko vyote ni kile kinachotoka Mlimba, chini kwenye bonde la Kilombero, hadi Makambako juu. Huko reli hupanda ukuta wa milima kwa mahandaki na madaraja mfululizo, na daraja la mto Mpanga limesimama kwenye nguzo zenye urefu wa mita 50 hivi. Abiria aliyetoka Dar es Salaam akashuka Makambako alipokelewa na baridi, na stesheni ya zege: ukumbi wenye dari la juu, mistari iliyonyooka, madirisha makubwa, hakuna nakshi. Ni mtindo wa stesheni zote za reli hiyo, na wapo wanaouona umepooza. Mimi nauona kuwa na heshima yake. Ulijengwa kwa mchanga na kokoto za hapa hapa, na Watanzania waliojifunza zege kwenye reli ile walikwenda nayo makwao. Linta ya zege juu ya mlango, jamvi la zege sakafuni, msingi wa mawe na saruji: vitu hivi vilishuka kutoka kwenye reli na barabara kuu ya Zambia hadi kwenye nyumba za kawaida ndani ya kizazi kimoja.

Makambako ikawa njia panda. Barabara ya lami ya kwenda Njombe na Songea ilikamilika miaka ya 1980, na mahali palipokuwa pa tembe na ng'ombe pakawa mji wa malori, mahindi, mbao na maduka. Wafanyabiashara wa Kikinga, waliotoka Makete kwenye milima isiyo na ardhi ya kutosha, walijenga hapa nyumba za biashara mbele na makazi nyuma, na fedha yao ilikwenda hadi Kariakoo ikarudi. Machi 2012 Njombe ikawa mkoa, ikatengana na Iringa, na Makambako ikabaki kuwa mji wake wenye pilikapilika.

Sasa kuna fedha mpya: mbao, viazi, na tangu miaka kumi na kitu iliyopita, parachichi. Anayeuza parachichi vizuri huanza na paa. Bati la msauzi, la rangi ya damu ya mzee au kijani, kenchi zenye vilele vingi, dari la jipsamu, madirisha ya aluminiamu. Sina neno na mtu anayetaka mwanawe alale pakavu. Lakini nyumba hizi zimesahau kitu kimoja ambacho nyumba za zamani za nchi hii hazikukisahau, nacho ni baridi. Dari la juu na sakafu ya vigae katika Julai ya Njombe ni friji. Jiko limehamia nje au kwenye gesi, na ndani hakuna chanzo cha joto. Wengi huleta jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, jambo ambalo limeua watu. Nyumba ya moshi iliyochekwa na wageni ilikuwa na paa linalopumua.

Na mbao za paa hilo zinatoka humu humu. Msindano uliojaa Njombe ni ule wa asili ya Mexico, unaokua haraka. Wataalamu wa misitu hushauri uachwe miaka 18 au zaidi. Wengi huukata ukiwa na miaka kumi au chini ya hapo kwa sababu ada ya shule haingoji. Mti wa umri huo hauna kiini. Mbao yake ni laini, ina maji, na bila dawa huliwa na mchwa. Nimezungumza na mafundi wanaosema wazi kwamba kenchi wanayoipiga leo haitafikia umri wa kenchi ya mianzi iliyokaushwa na moshi. Mbao hizi hushuka kwa malori hadi pwani, na mitaa mingi mipya ya Dar es Salaam imeezekwa nazo.

Waziri ana uwezo wa kisheria wa kulitangaza jengo la baada ya 1863 kuwa la kulindwa, kwa hiyo yapo yanayoweza kufanywa bila kusubiri sheria mpya. Kidugala ingekuwa ya kwanza kwangu, pamoja na makaburi ya Wapoland. Yakobi ingekuwa ya pili, kwa ajili ya Septemba 1905, na kwa masharti kwamba walioshambulia wapewe maelezo sawa na walioshambuliwa. Nyumba tatu au nne za ukumbi wa katikati mjini Makambako zipimwe, zichorwe, na wenyewe wapunguziwe kodi ya majengo wakikubali kuzitunza. Tembe na nyumba ya mianzi hazina jengo la kulinda, zina mafundi. Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho kimekuwa kikijenga na kukarabati nyumba za makabila tangu miaka ya 1960, na Njombe inaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo kuliko mahali popote, maana mianzi ipo, nyasi zipo, na wapo wazee ambao waliwahi kuezeka kwa mikono yao. Chuo cha ufundi kinaweza kuwalipa wazee hao wafundishe kiangazi kimoja, kuanzia kukata hadi kuwasha moto wa kwanza ndani.

Stesheni ya Makambako nayo haina muda mrefu. Septemba 2024 mjini Beijing, mbele ya marais wa Tanzania, Zambia na China, ilitiwa saini hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Reli itakarabatiwa, na stesheni pamoja nayo. Wakandarasi watakaofika na michoro ya kisasa waikute halmashauri ya mji imeshaandika barua, ikisema ukumbi ule wa zege, na dari lake, na madirisha yake, vibaki kama vilivyo.